Kwa maafisa mikopo wapya wa Nyanda za Juu Kusini

Ukipangiwa tawi la Mafinga, Njombe au Mbarali, utafundishwa dhamana, mzunguko wa fedha na marejesho. Yashike yote. Ila ujue kwamba misitu, mito na wanyama wa huku hupona au hupotea kwa fedha tunazoidhinisha, na fomu ya mkopo mara nyingi hailiulizi hilo.

Anza na mteja wa mbao. Bei ikichangamka kila mwenye ardhi anataka kupanda, na asipobakiwa na eneo kilimani anateremka bondeni, kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu. Milingoti (mikaratusi) ikiota pale inakunywa maji masika na kiangazi. Kwa hiyo ukaguzi usiishie sebuleni. Msalimie mzee kwa kamwene, salamu ya huku, kisha mwombe mshuke wote mpaka kijitoni. Simama ukingoni, upande ukihesabu hatua mpaka mche wa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukiikuta miche kwenye hatua ya ishirini, mwambie palepale kwa heshima: "Baba, safu hizi za chini benki haiwezi kuzigharamia, tuanzie kule juu." Wengi wanaelewa, kwa sababu kijito hicho ndicho wanachonywa.

Kwa wakulima wa mpunga wa Mbarali, omba kibali cha kutumia maji kabla ya hati ya shamba. Maji ya bonde la Usangu, yanakolimwa mashamba hayo, ndiyo yanayoingia mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Chini zaidi ndiko yaliko mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na umeme ukipungua mashine ya kukoboa uliyoikopesha nayo inasimama. Hasara inarudi kwenye daftari lako.

Mikopo midogo nayo isikupite. Anayeomba mtaji wa "mazao ya Makete" bila kuyataja, muulize ni mazao gani. Viazi na ngano ni sawa. Ila akisema chikanda, hivyo ni viazi vya okidi, maua ya porini. Ukichimba kiazi umeua mmea, na mzigo mwingi unavuka kwenda Zambia. Hifadhi ya Kitulo iliundwa 2005 hasa kwa ajili ya maua hayo, na inaniuma kuona mtaji wa kikundi ukienda kuyang'oa.

Makubaliano ya kimataifa ya kulinda viumbe hai yaliyofikiwa Montreal Desemba 2022 yanazitaka nchi zihakikishe kampuni kubwa na taasisi za fedha zinaeleza madhara yao kwa viumbe hao. Utakapoulizwa, majibu yatoke kwenye mafaili yako. Weka picha ya ukingo wa mto kwenye kila faili la shamba, na ukague tena Oktoba, kabla ya mvua. Machi maji yamejaa kila mahali, hutaona kitu.