"Support": neno la kubeba mzigo

Neno "support" limetoka wapi? (Msomaji, Morogoro)
Kwenye Kilatini: "sub", chini, na "portare", kubeba. Warumi walisema "supportare" kwa kupeleka vitu mahali. Julius Caesar alilitumia kwa nafaka iliyokuwa ikiletewa jeshi lake kule Gaul, ambayo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa ya leo. Likapitia Kifaransa na kuingia Kiingereza katika karne ya 14. Ndugu zake ni "import", "export" na "transport".

Basi ni jamaa ya "port", bandari?
Ndiyo, ila kwa mbali. Bandari kwa Kilatini ni "portus", nalo na "portare" yana mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kupita au kuvuka. 

Rafiki yangu wa Lubumbashi anasema "supporter" kwa Kifaransa ni kuvumilia. Nani kakosea?
Hakuna. Anayebeba mzigo huustahimili, na Kiingereza nacho kiliichukua maana hiyo. Ndiyo maana "insupportable" ni jambo lisilovumilika. Kwa kuunga mkono, Mfaransa ana "soutenir". Jihadhari: ukimwandikia mtu "je supporte mon mari", umemwambia unamvumilia mumeo.

Je, "sapoti" ni Kiswahili?
Swali hili naletewa kila mara, na wanaouliza hawatafuti kwanza neno walilo nalo. Mitaani limezoeleka, simkatazi mtu kulisema. Ila katika maandishi linaficha mambo. Mgombea huungwa mkono. Timu hushabikiwa. Mradi hufadhiliwa, familia hukimiwa, mfiwa hufarijiwa. Ukuta unaoinama huwekewa mwega. Chombo kikipandishwa pwani hutiwa gadi kisilale ubavu. Simu isiyofungua programu fulani haiikubali, basi. Yote hayo tunayazika chini ya neno moja! Kinachoniudhi zaidi ni ripoti za miradi: "Tumesapoti kina mama wa kijiji." Mliwapa fedha, cherehani au mafunzo? Kwa mkopo au bure? Mwenye kijiji ana haki ya kujua, na aliyechanga pia. Mwandishi akikuletea sentensi hiyo, mrudishie.

"Kusaidia" je, ni la Kibantu?
La, ni la Kiarabu, kutoka "saada". Mzizi huohuo umezaa neno la Kiarabu la kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, na jina Saidi, mwenye heri. Ukitaka la Kibantu, chukua "tegemeza".