Tableti ya Windows ikigoma kubuti kwa flashi, anza na biti za UEFI

Tableti ikikataa kubuti kwa flashi, yaani kuwaka na kuanza mfumo uliomo ndani ya flashi, lawama zote huishia kwenye flashi. Mtu anaiandika upya, ananunua nyingine, anapakua ISO (faili moja lenye mfumo mzima) mara ya pili na kumaliza bando, na bado kioo kinarudi kwenye Windows ileile. Kwa tableti ndogo za Windows zilizoanza kutoka 2013, hasa zenye prosesa za Intel Atom za kundi la Bay Trail kama Z3735F, tatizo mara nyingi liko kwenye tableti yenyewe. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya mfumo wowote, ni ya biti 32.

UEFI ya biti 64 hutafuta faili liitwalo bootx64.efi ndani ya folda \EFI\BOOT ya flashi. Ya biti 32 hutafuta bootia32.efi. Isipolikuta, kwa kawaida haikuambii chochote, inaipita flashi kana kwamba haikuchomekwa. Na kwa kuwa nyingi ya tableti hizi hazina CSM, yaani ile njia ya zamani ya BIOS, flashi iliyoandaliwa kwa ajili ya BIOS nayo haitasaidia kitu.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa "System type". Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor" kwenye tableti ambayo bado ina Windows yake ya kiwandani, jibu umelipata, kwa sababu Windows inayobuti kupitia UEFI lazima ilingane nayo biti. Kama tayari ina Linux, andika cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size kwenye terminali. Itakujibu 32 au 64.

Sasa uweke mfumo gani? Ukitaka Windows, unahitaji ISO ya biti 32, na ya mwisho ya aina hiyo ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa, kwa hiyo usipoteze bando. Kwa tableti yenye RAM ya GB 2 ushauri wetu ni Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce au LXQt. Chukua ISO ya Debian 12 (aina ya Linux) ya amd64, yaani ya biti 64: ndani yake yamo mafaili yote mawili ya kuwashia, na kisakinishi kinaweza kuweka GRUB, programu inayoiwasha Linux, inayolingana na UEFI ya biti 32. Wako wanaookota bootia32.efi mtandaoni na kulitupia ndani ya flashi ya mfumo mwingine. Hatuungi mkono jambo hilo. Hata menyu ikifunguka, usakinishaji mara nyingi hukwama mwishoni kwenye kuweka GRUB, na faili linaloamka kabla ya mfumo wako si la kuchukua kwa mtu usiyemjua.

Biti zikiwa sawa na bado inagoma, geukia waya. Tableti yenye tundu moja la micro-USB inahitaji waya wa OTG, na si kila waya unaoingia pale ni OTG. Kichwa cha micro-USB kina pini tano. Kwenye OTG pini ya nne imeungwa na ya tano, ambayo ni ardhi, na muungano huo ndio unaoijulisha tableti kwamba sasa yenyewe ndiyo inayotoa umeme na kuongoza kifaa kilichochomekwa. Kwenye waya wa chaji pini ya nne haijaungwa popote. Kipimo rahisi: chomeka flashi kwa waya huohuo Windows ikiwa imewaka. Ikionekana kwenye File Explorer, waya ni mzima. Isipoonekana, usihangaike na menyu za UEFI kwanza.

Utahitaji pia kibodi, maana kisakinishi mara nyingi hakina draiva ya kioo cha kugusa, na picha yenyewe huweza kutokea imelala ubavu. Hapo tafuta hab ya USB yenye adapta yake ya umeme. Hab isiyo na adapta hulazimisha tableti kulisha flashi na kibodi kwa pamoja. Umeme ukipungua, flashi hukatika katikati ya kazi. Chaji tableti ijae kabla ya kuanza, kwa sababu nyingi haziwezi kuchaji na kusoma flashi kupitia tundu hilohilo kwa wakati mmoja.

Flashi yenyewe iandaliwe (format) kwa FAT32, kwa kuwa UEFI nyingi hazisomi NTFS. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na install.wim, faili kubwa linalobeba Windows yenyewe ndani ya ISO, huweza kuzidi hapo. Likizidi, ligawe kwa amri hii, D ikiwa ISO na E ikiwa flashi:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Kuingia kwenye menyu, usitegemee kubahatisha vitufe. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha chagua "Use a device". Au fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike shutdown /r /fw /t 0, nayo itakupeleka moja kwa moja kwenye UEFI. Surface, tableti ya Microsoft yenyewe, ina njia yake: izime, shikilia kitufe cha kupunguza sauti, bonyeza cha kuwasha na kukiachia, kisha endelea kushikilia cha sauti mpaka ianze kusoma flashi.

Ukiona ujumbe unaotaja "Secure Boot" (ulinzi wa UEFI unaokubali mafaili yenye saini inayoitambua tu) au saini batili, UEFI imeliona faili lakini haiikubali saini yake. Kwenye Surface, badilisha Secure Boot kutoka "Microsoft only" hadi chaguo linaloruhusu 3rd party CA, yaani saini za wengine pia. Kwingine huenda ukalazimika kuizima. Kabla ya kugusa mpangilio huo, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, na matoleo ya Home pia huweza kuwa yamefungwa bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha Secure Boot, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha tableti mara ya kwanza. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji ufunguo huo kabla ya kulipa, au akuzimie BitLocker mbele yako.