Mwanangu anataka chai tu, chakula hagusi

SWALI: Dada habari za kazi, mie nipo Makorora hapa Tanga. Mwanangu ana mwaka na miezi 10, asubuhi chai ya rangi na andazi, saa 4 anataka tena, mchana tukiweka sinia la wali na samaki anakula tonge 2 anaondoka, jioni analilia chai. Uzito kliniki hauongezeki, na juzi nimemkuta anabandua udongo ukutani anakula. Bibi yake anasema nimwache, eti chai ndo inampa nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwaya. Naanza na huo udongo maana ndo ulonishtua. Mtoto anayekula udongo mara nyingi damu yake ni pungufu, hebu mwangalie viganja na ndani ya kope la chini, ila hata usipoona weupe usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke wiki hii apimwe damu na malaria, na uulizie dawa ya minyoo, watoto wanaanza kupewa wakifika mwaka 1. Dawa ya kuongeza damu usimnunulie dukani kwa kukisia jamani.

Sasa hiyo chai. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na chuma ndo kinatengeneza damu, kwahiyo hata kile kidogo anachokula hakimfaidii sawasawa. Halafu tumbo lake dogo, saa 4 limeshajaa sukari na andazi, huo wali wa mchana atauweka wapi? Mie ningeitoa yote, ya maziwa pia. Atalia siku za mwanzo, vumilia.

Asubuhi mpikie uji mzito wa kukaa kwenye kijiko, tia maziwa au karanga zilizosagwa laini (karanga zichambue, yenye ukungu tupa, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, si mchezo, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi). Saa 4 mpe chungwa la Muheza au papai. Mchana mtolee sahani yake mwenyewe, kwenye sinia la wakubwa hawezi kwenda nao sawa na wewe hujui kala kiasi gani, kaa nae umlishe taratibu bila kumkaba. Dagaa ndo mkombozi wako hapo: waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, twanga unga, uweke kwenye kopo, kila ukipakua mnyunyizie kijiko kwenye mchicha wa nazi au kunde. Na kachungwa kidogo baada ya kula, hako kanasaidia chuma kiingie. Umri wake anahitaji milo 3 au 4 kwa siku na vitafunwa katikati, na kama bado ananyonya endelea tu hadi miaka 2 na zaidi.

Bibi usigombane nae. Nenda nae kliniki, nesi amweleze mwenyewe, halafu huo mlo wa mchana mwachie yeye amlishe mjukuu wake. Majibu ya damu yakitoka niandikie.