Upweke wa Mtu Mzima: Usiingie Mtandaoni Mikono Mitupu

Huku kwetu Mtwara mwanamume aliyevuka hamsini akisema ana upweke, watu humshangaa. Mpweke vipi na ndugu wamejaa Mikindani, Tandahimba na Masasi? Mpweke vipi na kijiwe cha kahawa kipo hatua chache kutoka mlangoni kwake? Ndiyo maana wengi hawasemi. Wanaoniuliza habari hizi huniuliza pembeni, baada ya swala au tukiwa tunarudi kutoka msibani, na swali lao huwa lile lile: wewe watu wako wa kwenye simu uliwapataje?

Najibu hapa kwa wote. Mke wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu mpaka siku ya arobaini. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na hilo ni haki yao. Watoto wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na wana maisha yao. Kijiweni niliendelea kwenda. Pale tunazungumza Simba na Yanga, bei ya korosho, nani kapandishwa cheo. Nawapenda wenzangu wa pale. Lakini kijiweni hakuna mahali pa kusema kwamba usiku huu sikulala.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu uhusiano wa watu, likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Kilichonigusa zaidi ni kwamba katika nchi zenye kipato cha chini kiwango kinafika kama asilimia 24, mara mbili ya nchi tajiri. Kwa hiyo tuache kusema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Unaweza kuishi na watu kumi ukawa mpweke, na unaweza kuishi peke yako usiwe mpweke.

Sasa simu. Ukimwambia mtu unatafuta wenzio wa kuzungumza nao, atakuambia una magrupu mangapi? Ni kweli, ninayo: la ukoo, la mtaa, la michango ya harusi, la wakulima. Hayo ni magrupu ya taarifa. La ukoo linaamka kukiwa na msiba au mchango, siku nyingine ni maua ya asubuhi njema na video zilizotumwa kutoka kwingine. Grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na kwenye umati huo hakuna atakayegundua kama umenyamaza wiki nzima. Kaa humo kwa sababu ni wajibu, ila usitegemee kupata mwenzio wa kuzungumza naye humo.

Kuna na yale yanayoitwa ya marafiki, wapweke, au wanaotafuta wachumba. Kwa haya nasema wazi: mtu mwenye upweke asianzie huko. Mle kila mtu amekuja kuomba, na hakuna kazi ya kufanya pamoja. Ukiandika tu kwamba wewe ni mjane au mgane, inboksi inajaa. Mtu usiyemjua anakuita mpenzi siku hiyo hiyo, anauliza unafanya kazi gani, una nyumba yako? Baada ya siku chache mtoto wake anaumwa, au kuna mzigo umekwama bandarini. Mwingine hataomba hela, ataomba umsomee namba sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya". Ukimpa hizo namba, akaunti yako ya WhatsApp imeondoka, na kesho ataomba hela kwa ndugu zako kwa jina lako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti leo, kabla hujaingia grupu lolote la watu usiowajua. Namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040, na ukibonyeza *106# utaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, usione aibu kwenda polisi. Matapeli wanaishi kwa aibu yetu.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta grupu lenye shughuli, na ile shughuli uipende hata kama hakuna mtu atakayekuwa rafiki yako. Inaweza kuwa kufuga kuku, kushona, tafsiri ya Qur'ani, kwaya, kutengeneza redio za zamani, chochote. Liwe dogo, watu thelathini au arobaini. Liwe na saa yake. Watu wanaokutana saa ile ile kwa kazi ile ile huzoeana bila kulazimishana, na mazungumzo ya moyo huja yenyewe kupitia kazi.

Langu mimi ni la mashairi. Tangu ujana nilikuwa nasoma kurasa za mashairi gazetini, washairi wanavyojibizana, huyu anauliza kwa beti sita, yule anamjibu wiki mbili baadaye kutoka mkoa mwingine. Grupu letu linafanya vivyo hivyo, ila majibu yanakuja baada ya dakika. Baada ya taarifa ya habari ya saa mbili mmoja anaweka hoja, wengine wanajibu. Masharti ni vina na mizani, yaani idadi ya silabi, nane kwa nane katika kila mstari. Anayevunja mizani anarekebishwa hadharani kwa adabu, awe profesa au dereva.

Wiki za mwanzo nilisoma tu na kusalimia. Nashauri na wewe ufanye hivyo: jua nani mkubwa, nani mtani wa nani, lipi halisemwi. Kisha usiku mmoja niliweka beti hili:

Nyumba imekuwa kubwa, vyumba vyote viko wazi,
Na mlango umezibwa, haupiti usingizi,
Koo nahisi kukabwa, yananitoka machozi,
Leteni neno wenzangu, usiku upate kucha.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu mmoja wa Newala. Hakuandika pole wala hakutuma picha ya mishumaa. Alihesabu mizani, akasema imekaa, vina vimetimia. Halafu akauliza: "Ila mzee mwenzangu, huo mlango umezibwa na nini?"

Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Tangu arobaini watu walikuwa wameniambia nijikaze, nimshukuru Mungu, nioe tena. Hakuna aliyeuliza. Nilimwandikia pale pale mbele ya wote kwamba mama watoto ametangulia, na chumba chetu siwezi kulala, nalala sebuleni. Usiku ule zilikuja beti nyingi zikiishia na kituo changu, usiku upate kucha. Binti mmoja wa Ruangwa anayeuza vitenge, umri wa mwanangu wa mwisho, alianza na shikamoo baba, akaandika beti tatu kuhusu mama yake aliyemzika mwaka huo. Nikamjibu marahaba mwanangu, tukaendelea mpaka saa sita.

Hili ndilo ninalotaka ulione. Ningeingia grupu la wapweke nikasema mimi ni mpweke, ningepata pole arobaini na matapeli wawili. Kwenye mashairi nilipata mtu aliyesoma mstari wangu wa pili kwa makini kiasi cha kuuliza. Huyo ndiye niliyekuwa namhitaji.

Ukishaingia, kuna mambo machache ya kushika. Tumia jina lako au jina ambalo watu wanakuita kweli, mtu asiyejulikana hapewi siri. Uliza maswali yanayojibika. "Habari zenu wapendwa" haijibiki na mtu, lakini "huyu kuku wangu mbawa zimeshuka tangu jana, nimpe nini?" inapata majibu saba. Mtu akikosekana siku mbili tatu, mtafute. Mimi sikuwa nalijua hilo mpaka nilipougua malaria nikanyamaza, na simu ya kwanza ikatoka Ruangwa, kabla ya watoto wangu. Kingine, usimwage huzuni yako yote grupuni kila usiku. Grupu linabeba kidogo kidogo. Yale mazito chagua mmoja au wawili, uwaombe ruhusa kwanza, uzungumze nao kwa sauti.

Kwa dada zetu nasisitiza kitu kimoja. Grupu zuri utalijua kwa jinsi linavyolinda inboksi zenu. Kwetu hakuna kumfuata mtu pembeni bila kumuuliza hadharani kwanza, na mwanamume aliyekaidi aliondolewa siku hiyo hiyo bila mjadala. Ukifika mahali ukalalamika na admini akakuambia "mpuuze tu", ondoka.

Na usibaki na uzi mmoja. Mei 2024 sisi wa kusini tulikatwa mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilikuja na mvua zake, maji yakaisomba barabara kule Somanga, Kilwa, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Hatujapumua, tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima. Grupu lilikufa ghafla. Waliobaki kuwa wenzangu siku zile ni wale ambao nilikuwa na namba zao na wananijua kwa sauti. Mwalimu wa Newala alikuwa ananitumia beti kwa ujumbe wa kawaida wa simu, mshororo mmoja mmoja, nami namjibu hivyo hivyo. Kwa hiyo watu watatu au wanne katika grupu wahamishie kwenye simu ya kawaida mapema, msingoje shida.

Kuna ambayo simu haiwezi. Nilipokuwa na ile homa, aliyeniletea uji na kunipeleka hospitali ni jirani, mama mmoja ambaye hajui kama mimi naandika mashairi. Mtandao ulinirudishia hamu ya kuzungumza, na hamu hiyo nikaitumia kwake na kijiweni pia. Siku hizi nikiulizwa pale habari za nyumbani, nasema ukweli wake, na nimeona wenzangu wawili nao wameanza kusema. Na kama hali yako imefika pa kutokula, kutolala wiki kwa wiki, au kuwaza kujidhuru, hapo usitafute grupu. Mwambie mtu wa karibu leo, nenda kituo cha afya, mweleze daktari kwa maneno hayo hayo. Inatibika, na si laana wala udhaifu wa imani.

Mwisho ni kukutana ana kwa ana. Mimi naona mtu mliyezungumza naye mwaka mzima muonane kama njia inaruhusu. Mwalimu alishuka Mtwara msimu wa korosho kufuatilia malipo yake, tukakutana stendi mchana kweupe, amebeba mfuko wa ming'oko ya kuchemsha. Ni mfupi kuliko nilivyomdhania na anacheka kwa sauti kubwa sana. Wewe nawe fanya hivyo: mchana, mahali penye watu, nauli yako mwenyewe ya kwenda na kurudi mfukoni, na mara ya kwanza asije nyumbani. Mpigie mwanao kabla hujatoka, umwambie unakwenda wapi, kukutana na nani, na namba ya huyo mtu umtumie.