Msizungushe uzio kabla hamjapima nyasi

Simamisheni hiyo kazi ya uzio kwanza. Umeeleza kwamba kikao kimegawanyika: wafugaji wanataka ng'ombe wabaki kwenye eneo la wazi la umma, wengine wanataka uoto wa asili urudi. Suluhu mliyopewa ni kutoa mifugo yote, kuzungushia uzio na kuachia wanyamapori wala nyasi, eti "idadi yao itajirekebisha yenyewe". Umeuliza pia kuhusu gharama na namna ya kuwatuliza wafugaji, lakini hilo la idadi ndilo litakalowaumiza.

Idadi hujirekebisha pale mnyama anapoweza kuhama au kuliwa. Ndani ya uzio usio na wanyama wawindaji kinachobaki ni njaa, na njaa huja imechelewa: miaka mizuri wanazaliana, mwaka mbaya unawakuta ni wengi kuliko malisho. Uholanzi walijaribu, pale Oostvaardersplassen, eneo la takriban hekta 5,600 lenye ng'ombe, farasi na kulungu. Majira ya baridi ya 2017–2018 walikufa wanyama zaidi ya 3,000, wengi wao wakipigwa risasi ili wasife kwa njaa. Wananchi wakawa wanawarushia wanyama majani makavu ya kula kupitia juu ya uzio. Mwaka 2018 ikaamuliwa idadi iwekewe ukomo.

Wanaouza hayo maneno nawafahamu. Huja nyasi zikiwa za kijani, hupiga picha, hulipwa, na msimu mgumu ukifika simu haipokelewi. Mwulizeni huyo aliyewapa suluhu swali moja tu: hekta moja ina kilo ngapi za nyasi kavu? Akianza hotuba, mwonyesheni mlango.

Hakuna mnyama kuingia wala kutoka kabla nyasi hazijapimwa. Hata kutoa ng'ombe wote kwa mkupuo kuna hatari: nyasi zisizoliwa hukauka zikisimama, na moto ukishika hapo hauzimiki kirahisi.

Pimeni mwishoni mwa msimu wa kukua. Tengenezeni fremu ya mita 1 kwa 1, muiweke bila kuchagua mahali, angalau mara 30 kwa kila aina ya ardhi. Kateni nyasi karibu na udongo, acheni vichaka na magugu yasiyoliwa. Anikeni mpaka uzito uache kushuka. Ukipima mbichi unapima maji. Wastani wa gramu zidisha kwa 10, unapata kilo kwa hekta.

Tuseme ni gramu 150: hekta ina kilo 1,500. Chukueni theluthi tu, kilo 500. Inayobaki ni ya kulinda mizizi na udongo. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6.25 za nyasi kavu kwa siku, takriban 2,300 kwa mwaka, kwa hiyo anahitaji hekta 4.6. Hekta 1,000 ni ng'ombe 217. Na wanyamapori wanahesabiwa ndani ya kiasi hicho hicho, kwa uzito wao.

Kisha punguzeni: malisho yaliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka kwenye maji msiyahesabu kabisa, na miteremko mikali vilevile. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu ramani huonyesha hekta zote sawa.

Mwisho, andikeni kabla ya kuachia mnyama yeyote: nyasi zikishuka kimo gani wanyama wanapunguzwa, nani anawatoa, wanapelekwa wapi. Msingoje mbavu zionekane, wakati huo hata safari ya lori inaua.