Hukumu ya kujidunga sindano za peptidi kwa ajili ya uchovu wa sonona

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Unguja. Mwaka jana daktari alinipima akaniambia nina sonona, na tangu hapo natumia vidonge alivyoniandikia. Huzuni imepungua, alhamdulillahi, lakini mwili umebaki mzito: nikifua nguo mbili tatu sina budi kulala, na Alfajiri naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mtoto wa kaka yangu anayeishi Dubai, ambaye ni mtu wa kunyanyua vyuma, ameniletea vichupa vya unga mweupe vya peptidi iitwayo BPC-157, akanielekeza niuchanganye na maji ya sindano nijidunge chini ya ngozi ya tumbo kila siku. Wapo wanaosema vitu hivi hutolewa kwa nguruwe. Je, inafaa kuvitumia, na Ramadhani ikiingia nijidunge mchana? Shemeji yangu naye anasema huu ni uvivu na upungufu wa imani.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, naanza na neno la shemeji yako, kwani nahofia limekuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba alikuwa akimsikia Mtume (s.a.w.) mara nyingi akijikinga kwa Allah na hamm na hazan, na 'ajz na kasal, yaani wasiwasi na huzuni, kushindwa na uzito wa mwili. Angalia namna majonzi ya moyo na ulegevu wa viungo vilivyowekwa bega kwa bega katika dua moja, na aliyeiomba ni mbora wa viumbe kwa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) naye aliingiwa na huzuni hadi macho yake yakawa meupe, na Qur'ani ikatusimulia hayo katika Surat Yusuf pasi na kumlaumu. Madaktari leo wanauhesabu uchovu kuwa miongoni mwa dalili za sonona yenyewe, na huweza kubaki hata huzuni ikishapungua. Kwa hiyo ulichonacho ni maradhi, na mgonjwa ameamrishwa kutafuta dawa.

Tuje kwenye vichupa. Neno peptidi peke yake halina hukumu ya halali wala haramu, kwa sababu ni jina la mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vijenzi vya protini, na miili yetu inatengeneza minyororo ya namna hiyo usiku na mchana. Insulini wanayojidunga ndugu zetu wenye kisukari ni ya jamaa hiyo. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na tangu mwaka 1982 ikaanza kupatikana insulini ya kibinadamu inayotengenezwa kwa bakteria. Hiyo BPC-157 ni mnyororo wa amino asidi 15 unaoundwa maabara, hivyo hofu ya nguruwe haikuhusu kwa asili yake. Hofu hiyo ina mahali pake kwingine: dawa iitwayo Cerebrolysin, ambayo nayo ni mchanganyiko wa peptidi, hutokana na ubongo wa nguruwe. Kwa dawa ya namna hiyo, Imam Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafi'i ameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe pale inapokosekana dawa tohara ya kushika nafasi yake, kwa ushahidi wa tabibu mwaminifu. Wewe hujafika huko.

Tatizo la vichupa vyako, kwa maoni yangu, liko kwenye lebo. Bidhaa hizi kwa kawaida huuzwa zikiwa zimeandikwa kuwa ni za utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kigeuze kichupa ukisome mwenyewe. Muuzaji anaandika hivyo ili asishikwe na sheria, kisha kwa mdomo anawaeleza watu wajidunge miligramu ngapi. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu, akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Rundo lile lilikuwa la chakula, na ubaya wake ulijulikana kwa kidole. Unga huu mweupe unaingia chini ya ngozi yako, na hakuna kidole cha kuujaribu usafi wake wala kipimo chake.

Tena faida yenyewe haijathibiti. Tafiti za BPC-157 kwa sehemu kubwa zimefanywa kwa panya, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaidhinisha peptidi yoyote kwa ajili ya uchovu wa sonona. Shirika la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, limeiweka BPC-157 kwenye orodha yake ya marufuku tangu 2022, jambo ambalo mpwa wako, kwa kuwa ni mtu wa mazoezi, ni vyema alijue. Simtuhumu kijana, amekuletea kwa mapenzi. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea, na mapenzi hayaiondoi dhamana hiyo.

Kwa hayo, ninaloliona ni kwamba haikufalii kujidunga vichupa hivyo, kwa kauli ya Allah, "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo", na kwa kuwa njia iliyo salama bado iko wazi mbele yako. Rudi kwa daktari wako na umweleze habari ya nguo na ya Alfajiri kama ulivyonieleza mimi. Mwombe akupime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, na umuulize kama vidonge vyenyewe ndivyo vinavyokulegeza, kwani baadhi yake huwa hivyo na hubadilishwa. Usiviache ghafla kwa uamuzi wako. Siku daktari akikuandikia peptidi iliyosajiliwa, ya asili tohara, itakuwa halali kama dawa nyingine yoyote, na usajili unaweza kuuulizia ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, hapo hapo Unguja.

Ama Ramadhani, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa sindano za tiba zisizo za lishe, ziwe za ngozi, za msuli au za mshipa, hazibatilishi saumu. Daktari akikuzuia kufunga, kula, kisha ulipe siku hizo ukipata nafuu.

Na hiyo Alfajiri unayoamkia umechoka, kama kusimama kunakushinda, sali umekaa. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akajibiwa asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.