Kipima mwanga hakijui kanzu

Arusi ya kwanza niliyoipiga kwa filamu ilikuwa ya binamu yangu, Mji wa Kale, baada ya sala ya Alasiri. Wanaume wote kanzu nyeupe, nyuma yao ukuta wa chokaa, na mimi na kamera ya Pentax K1000 niliyorithi kwa ami yangu. Kila picha niliiweka sindano ya kipima mwanga katikati, sawasawa kabisa. Filamu iliposafishwa, kanzu zilikuwa za kijivu kama zilizofuliwa na suruali mpya nyeusi, na nyuso zote giza. Bwana arusi tulimtambua kwa joho.

Ami akaziinua negetivu dirishani, akacheka. "Mwanangu, umeitii sindano mno. Hiyo yaona mwanga tu, haijui kanzu ni nini."

Maneno yale ndiyo somo lenyewe. Kipima mwanga cha kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwa unachokipiga, na kimetengenezwa kwa dhana kwamba kitu hicho ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikiona kanzu, kinadhani jua limezidi, kinakubania mwanga. Kikiona kundi la mabuibui, kinadhani kiza, kinakufungulia hadi nguo nyeusi itoke kama majivu. Sasa fikiria mji wetu huu, ambao nusu ya barabara ni kanzu na nusu ni buibui!

Siku hizi sipimi nguo, napima kiganja changu. Nakiweka palepale jua linapompiga mtu, nakisogelea mpaka kijaze kioo cha kutazamia, nasoma, kisha nafungua tundu la lenzi hatua moja, yaani mwanga unaoingia uwe maradufu: ikisema f/11, mimi napiga f/8. Viganja vyetu, vya weusi na vya weupe, havipishani sana. Angalia tu kivuli cha kamera kisikiangukie.

Jambo la pili ni kujua kamera yako inatazama wapi. Topcon RE Super ya 1963 ndiyo SLR (kamera unayotazama kupitia lenzi yenyewe) ya kwanza kuuzwa ikiwa inapima mwanga uliokwisha kupita ndani ya lenzi. Pentax Spotmatic ikafuata 1964. Hiyo hukusanya picha nzima na kuipigia wastani, tena unapopima lazima usukume swichi ya ubavuni ili lenzi ijifunge, na kioo kinaingia giza. Nikon Photomic FTN ya 1968 huipa duara la katikati asilimia 60 ya uzito wa kipimo. Canon FTb ya 1971 haijali pembeni kabisa: inasoma mstatili wa katikati tu, asilimia 12 ya picha, na mstatili wenyewe unauona umekolea kidogo. Kwa kupiga baharini, mbingu na maji yakiwaka nyuma ya mtu, naichagua FTb bila kufikiri mara mbili. Unalenga uso, unasoma, unarudi kupanga picha.

Kuna hila nyingine iliyonisumbua vichochoroni. Kamera nyingi za miaka hiyo hutumia seli za CdS, vijicho vinavyohisi mwanga, na seli hizi zina kumbukumbu. Ukitoka juani Ndia Kuu ukaingia kichochoro chenye kivuli, sindano bado inaota jua. Subiri kidogo. Salimia watu, hakuna anayekukimbiza.

Betri sasa. Olympus OM-1 na Minolta SRT-101 zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena. Ukitia ya kawaida ya volti 1.5, sindano inapanda kuliko haki yake na picha zinatoka na giza. Mimi natumia zile za vifaa vya kusikilizia, namba 675, zenye volti 1.4, ni ndogo, kwa hiyo nazivisha pete ya mpira. Zinakufa upesi, ziwe na kazi au zisiwe nayo. Spotmatic haina shida hiyo, maana saketi yake inavumilia tofauti ya volti. K1000 nayo inakula LR44, ambayo kila fundi wa saa anayo, ila haina swichi ya kuzimia kipimo. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yake. Ami alikifunga kwa uzi shingoni mwa kamera, na uzi wenyewe ungalipo.